MASWALI YA GEREJI: Datsun 240Z iliyolala tangu 2011

Safu ya mwezi huu imetekwa na gari moja, na si ajabu. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikarudia 1973 ikiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mwaka huo wa pili Mehta alilingana pointi na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun, ila ya 1800 SSS. Tangu hapo kila 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi husemekana "ilikimbia Safari". Nyingi hazikukimbia popote; zilipeleka mtu kazini na kumrudisha, kisha zikaegeshwa. Barua zinazofuata zimetoka kwa walionunua hizo zilizoegeshwa.

Assalaam aleikum mafundi. Nimenunua 240Z ya 1972 hapa Nyali, usukani wa kulia. Imekaa bandani tangu 2011, na muuzaji anaapa kwamba iliegeshwa ikitembea. Nimeshanunua betri mpya na kumimina lita 20 za super. Nipige stata nione itakavyosema, au kuna la kufanya kwanza? Nia yangu ni kuiendesha hadi Nairobi mwezi ujao. — Msomaji, Mombasa

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Usipige stata. Betri irudishe kwenye boksi lake, na hizo lita 20 ulizozimwaga juu ya petroli ya 2011 zihesabu zimepotea. Gari lililoegeshwa likitembea si gari linalotembea. Miaka yote hiyo pete za pistoni zimekaa zikigusa ukuta wa silinda mahali pamoja, katika hewa ya chumvi. Zikishika kutu na stata ikazilazimisha, pete hukatika, na injini iliyokuwa ikihitaji wiki moja ya subira inahitaji kufunguliwa yote.

Kabla ya injini, lala chini ya gari ukiwa na tochi na bisibisi la zamani. Pwani kinachoua 240Z ni kutu, injini huwa ya mwisho kufa. Dunga chini ya trei ya betri, kwani tindikali iliyodondoka hapo hula reli ya chesisi iliyo chini yake. Dunga reli zinazopita chini ya sakafu, kona za bodi nyuma ya milango, shimo la tairi la akiba, na ukingo wa mlango wa nyuma. Angalia kwa makini zaidi vishikio ambapo fimbo zinazotoka kwenye mikono ya mbele zinafungwa kwenye chesisi. Kishikio kimoja kikilegea kwa kutu, ukikanyaga breki gari linavuta upande. Bisibisi likizama popote katika hizi reli, kazi ya kwanza ni ya fundi wa kuchomelea, na mengine yote humu yasubiri.

Bodi ikiwa nzima, toa plagi zote sita. Kila silinda itie mililita 15 za oili nyepesi ya kupenya kutu, kama kijiko kimoja cha chakula, uiache siku mbili. Gia iwe huru. Kisha weka soketi ya milimita 27 kwenye bolti ya puli ya krenki na uzungushe kwa mkono kuelekea kulia, ukiwa umesimama mbele ya gari. Ikikataa, ongeza oili na urudi baada ya siku mbili nyingine. Usiweke bomba refu kwenye mpini wa spana, na usikubali kamwe ushauri wa kulivuta gari likiwa kwenye gia.

Ikianza kuzunguka usishangilie bado. Fungua kifuniko cha vali na uzungushe taratibu mizunguko miwili kamili huku ukitazama vali zote 12. Kwenye injini ya L24, ndiyo ya 240Z, kila roka imekaa tu juu ya kitufe chake, ikibanwa na springi na kamshafti. Vali ikinata kwenye gaidi yake (kijibomba kinachoongoza shina lake) ikabaki wazi, roka hubaki inacheza, pengine huanguka kabisa, na pistoni ikipanda inaweza kuigonga ile vali. Vali iliyonata itie oili ya kupenya kwenye shina lake na uigonge kidogo kwa mpini wa nyundo wa mti, hadi ipande na kushuka yenyewe. Hapo ndipo upime nafasi za vali injini ikiwa baridi: milimita 0.20 za kuingiza, 0.25 za kutoa. Injini ikishapata moto utazipima tena, 0.25 na 0.30, na hizo za moto ndizo za kuziamini.

Sasa oili. Mwaga ya zamani, badilisha filta, weka 20W-50 ya madini. Inaingia lita nne na nusu hivi. Malizia kwa kusoma kijiti. Mimina nyingine kidogo moja kwa moja juu ya kamu na roka. Plagi zikiwa bado nje, sasa ndiyo betri ifungwe. Piga stata kwa sekunde 10, pumzisha dakika moja, rudia, hadi geji ya oili ipande. Kifuniko cha vali kiwe kimeondolewa wakati huo, kwa sababu juu ya kamshafti kuna bomba jembamba lenye vitundu vya kunyunyizia oili. Viungo vyake hulegea na vitundu huziba kwa tope la oili. Kila jicho la kamu (uvimbe unaosukuma roka) lazima lipate mnyunyizo wake. Tundu moja likiziba, geji itaonyesha presha nzuri tu huku jicho hilo la kamu likisagika, na utajua baada ya kilomita mia kadhaa kwa kelele ya kugonga.

Presha ikikataa kupanda, wengi hukimbilia kufungua pampu ya oili. Sawa, lakini jua kwanza unachokifungua: shafti inayozungusha pampu ndiyo hiyo hiyo inayozungusha distribyuta. Ukiishusha pampu, taimingi imepotea. Kabla ya kuilegeza, weka silinda ya kwanza juu kabisa kwenye mgandamizo na upige picha mahali rota inapoelekea. Wakati wa kurudisha, alama ya nukta kwenye shafti ikabiliane na tundu la pampu, na ulimi wa shafti ukiutazama kutoka juu, kwenye shimo la distribyuta, ukae kama mkono wa saa tano na dakika 25 za asubuhi, upande mdogo ukielekea mbele. Ukikosea jino moja injini haitawaka, au itawaka na kupasuka kwenye kabureta.

Petroli. Tangi ni la lita 60 na lina bolti ya kumwagia chini. Mwaga kwenye mtungi, na usitumie petroli hiyo hata kuoshea vyuma, maana inaacha gundi. Teremsha tangi ulitikise. Likitoa vumbi la kahawia, lioshe kwa siki: lita 20 kwa siku tatu, ukiligeuza upande mwingine kila siku, kisha suuza kwa maji yenye robo kilo ya magadi ya kuokea, likaushe siku hiyo hiyo kwa hewa ya kompresa na ulipake ndani petroli iliyochanganywa na oili kidogo. Ukiliacha na unyevu usiku mmoja, kutu mpya imeanza. Mipira yote ya petroli ibadilishwe, pamoja na ile minene ya kupumulia iliyofichwa nyuma ya paneli za pembeni sehemu ya mizigo. Wengi huisahau hiyo, halafu wanalalamika harufu ya petroli ndani ya gari isiyojulikana itokako. Kwa kuwasha mara ya kwanza usitumie tangi kabisa. Chomoa mpira unaoingia kwenye pampu uutie kwenye mtungi wa lita tano wenye petroli safi, na chujio la plastiki katikati. Mpira wa kurudishia petroli nao uelekeze kwenye mtungi huo huo.

Rejeta: hapa watu wa Pwani mna adui wenu. Kichwa cha L24 ni cha aluminiamu na bloku yake ni ya chuma cha kutupwa. Metali mbili hizo zikiunganishwa na maji ya kisima yenye chumvi zinafanya kazi kama betri, na anayeliwa ni aluminiamu. Suuza hadi maji yatoke meupe, badilisha thamostati na mipira, kisha jaza nusu kulanti na nusu maji ya betri (maji safi yasiyo na chumvi, si tindikali) yanayouzwa vituo vya petroli. Huingia lita nane hadi tisa. Gari likiwa limekunywa maji ya bomba miaka mingi, tegemea kukuta shingo ya thamostati imelika; ikague kabla ya kulaumu gasketi.

Umeme wa moto: safisha pointi na uweke nafasi ya milimita 0.5. Plagi NGK BP6ES, nafasi 0.8. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, na rota inazunguka kinyume cha saa. Vuta lever ya choki iliyo katikati ya viti, piga. Ikishika, angalia geji ya oili kabla ya kusikiliza sauti. Moshi mweupe na wa buluu dakika kumi za mwanzo ni ile oili uliyotia kwenye silinda. Moshi mweupe usiokoma baada ya nusu saa, na maji yanayopungua, ni gasketi ya kichwa.

Na kabla gari halijasogea hata kutoka bandani, breki. Tungeweza kuanza na hili, ila tunajua hamtasoma mpaka injini iwake. Masta silinda, mipira minne ya breki (miwili mbele, miwili nyuma), mipira ya ndani ya kalipa na ya silinda za nyuma: vyote vipya, bila kujadiliana. Mpira wa breki uliozeeka unaonekana mzima nje, lakini ndani umevimba na kufanya kazi kama vali. Unakanyaga breki inashika, unaachia haiachii. Pistoni ya kalipa yenye vishimo vya kutu usiipige msasa. Ibadilishe, kwani vishimo vitakata mpira mpya. Nyuma, drami za aluminiamu hukwama. Zina matundu mawili yenye nyuzi: tia bolti mbili za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, drami itasukumwa nje bila nyundo. Silinda ya nyuma ya gari hili ina pistoni moja tu na inatakiwa iteleze kwenye bamba lake. Ikiganda kwa kutu, kiatu kimoja ndicho kinachofanya kazi. Safisha njia yake, paka grisi ya breki. Lita moja ya mafuta ya breki ya DOT 4 inatosha kusukuma ya zamani yote.

Klachi ikiwa imegandana na flaiwili, kandamiza pedeli kwa mti usiku kucha. Isipoachia, inua nyuma kwenye stendi imara, pasha injini moto, weka gia ya tatu, kanyaga klachi halafu gonga breki kwa nguvu mara moja. Giaboksi hupokea lita moja na nusu hivi ya oili ya 80W-90 ya daraja la GL-4, siyo GL-5, inayoweza kushambulia shaba ya sinkro. Difu lita moja, na hiyo ndiyo ya GL-5. Katika vyote viwili legeza kwanza bolti ya kujazia. Ukimwaga kwanza kisha ya kujazia ikakataa kufunguka, una giaboksi tupu na gari lisilokwenda kwa fundi.

Matairi soma tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT iliyo ubavuni mwake: 3209 ni wiki ya 32 ya mwaka 2009. Haijalishi yana meno mangapi, hayo ni ya kubebea gari juu ya lori tu. Saizi ya awali ni 175 ya inchi 14. 195/70R14 inalingana kwa urefu na hupatikana kwa urahisi zaidi. Nati za magurudumu zikazwe kwa Nm 80 hadi 90.

Kuhusu Nairobi mwezi ujao: lipandishe lori. Kilomita 480 si mahali pa kujaribia masta silinda mpya. Zungukia Nyali na Bamburi kilomita 300 kwanza, ukirudi nyumbani kila jioni kuangalia kinachovuja. Ukibadilisha filta na oili tena baada ya hizo 300, ikate filta ya kwanza uitazame ndani.

Habari za kazi. 240Z yangu ilikuwa ikienda vizuri Mombasa. Tangu ifike Nairobi inatoa moshi mweusi, plagi zinageuka makaa, na sailensa inalipuka nikiachia mafuta. Fundi wangu anataka kutoa kabureta zote mbili aweke moja ya pikapu. Nimruhusu? — Msomaji, Lang'ata

Usimruhusu. Kabureta zako hazijaharibika, zimepanda mlima. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya sita kuliko ya Mombasa. Kabureta hizi, za mtindo wa SU zilizotengenezwa na Hitachi, hazina namna ya kujua hilo. Zinaendelea kupima petroli kana kwamba ziko Likoni. Kabureta moja ya pikapu katikati ya injini ya silinda sita itazilisha silinda za kati na kuzinyima za mwisho, na utakuwa umebadilisha tatizo la robo saa kwa tatizo la kudumu.

Lakini kabureta ndiyo ya mwisho kuguswa. Nafasi za vali na taimingi ziwe sawa kwanza, vinginevyo utazungusha nati hadi jioni. Kisha toa filta ya hewa na unyanyue kila pistoni ya kabureta kwa kidole. Ianguke na kutoa sauti ya "tak". Ikishuka kwa kusitasita, fungua kifuniko, safisha ndani kwa petroli na kitambaa. Hakuna msasa hapo. Usichanganye pistoni ya mbele na kifuniko cha nyuma, maana kila jozi imechongwa pamoja.

Dampa ya kabureta: fungua kofia nyeusi juu yake na uangalie kijiti. Panatakiwa oili ya SAE 20. Mafundi wengi hukuta pakavu na kuona ni sawa. Bila oili, ukikanyaga ghafla pistoni inaruka juu, mchanganyiko unakonda, na injini inakohoa kupitia kabureta. Wenye kikohozi hicho huongeza petroli kwa kuteremsha nati. Inawezekana kabisa moshi wako mweusi ulianzia hapo, na mlima umeuongeza tu.

Sasa tenganisha fimbo inayounganisha kabureta mbili ili kila moja isimame yenyewe. Shika kipande cha mpira, ncha moja sikioni na nyingine mdomoni mwa kabureta, usikilize mvumo. Rekebisha skrubu za sailensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) hadi mivumo ifanane, injini ikiwa mizunguko 750 hivi. Ndipo uje kwenye nati za mchanganyiko zilizo chini. Zipandishe zote hadi mwisho, kisha ziteremshe mizunguko miwili na nusu. Hicho ndicho kipimo cha kuanzia, na kwa Pwani mara nyingi hutosha. Kwa Nairobi zipandishe tena robo mzunguko, halafu pima: nyanyua pistoni ya kabureta moja kama milimita moja. Injini ikiongeza kasi na kubaki hapo, petroli bado ni nyingi. Ikitaka kuzima, ni kidogo. Ikipanda kidogo kisha ikarudi, acha. Fanya nyingine, kisha rudi kwenye ya kwanza, kwa sababu zinaathiriana. Mara chache hutahitaji kupita nusu mzunguko kutoka kipimo cha Mombasa. Ukihitaji zaidi, kiwango cha petroli ndani ya kikombe kiko juu, na sindano yake ndiyo ya kutazamwa.

Jambo moja la mwisho: nyunyizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye ncha za shafti ya kipepeo huku injini ikiunguruma, ukikaa mbali na ekzosi. Sauti ikibadilika, shafti imekula tundu lake na hewa inapenya. Hapo hakuna nati itakayokusaidia. Fundi wa lezi atachonga bushi za shaba kwa muda wa mchana mmoja. Kuhusu mlipuko wa sailensa, tatua moshi kwanza. Ukibaki, tafuta tundu kwenye viungo vya ekzosi.

Mafundi, taa kubwa za 240Z yangu ni hafifu kama koroboi, na baada ya dakika ishirini swichi kwenye usukani inapata moto hadi inanuka. Fundi umeme alifunga rilei kama anavyofunga kwenye magari mengine, sasa ful na dimu zinawaka pamoja. Isitoshe, nilitoa geji ya RPM kuitengeneza na injini ikakataa kuwaka! — Msomaji, Dar es Salaam

Fundi wako hana kosa la uvivu. Gari hili limefungwa kinyume na alivyozoea. Kwenye magari mengi swichi ya ful na dimu hupeleka umeme wa chanya kwenye uzi mmoja wa balbu au mwingine. Kwenye 240Z chanya hufika kwenye balbu moja kwa moja taa zikiwashwa, na swichi ya dimu inachagua uzi upi upate ethi (njia ya hasi). Kwa hiyo koili ya kila rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo) ipate chanya kutoka kwenye waya wa taa, na upande wa pili wa koili uende kwenye waya wa ful au wa dimu unaotoka swichini. Rilei mbili za ampea 30, moja ya ful, moja ya dimu. Upande wa kazi uchukue umeme kutoka betri kwa waya wa milimita mraba 4 kupitia fyuzi ya ampea 20, na taa zipate ethi yao mpya kwenye bodi, rangi ikiwa imekwanguliwa. Ukitumia soketi za zamani za balbu bila kuzifungia upya ethi, ndipo unapata hicho ulichokipata.

Moto wa swichi una hesabu yake. Balbu mbili za wati 55 huvuta ampea 9, na zote zilikuwa zikipita kwenye vikontakti vidogo vya swichi yenye umri wa miaka 50, kisha kwenye boksi la fyuzi ambalo klipu zake zimeshika kutu. Kila kutu ni upinzani, na upinzani ni joto. Rilei zikishika kazi, swichi itabeba chini ya nusu ampea. Hata hivyo ondoa fyuzi zote, safisha klipu, na uangalie nyuma ya boksi kama plastiki haijayeyuka. Tukiwa hapo, toa zile taa za kioo kilichofungwa na uweke za inchi saba zinazopokea balbu za H4. Lakini baada ya rilei, si kabla.

Geji ya RPM ya 240Z husoma mkondo, na ule mkondo wa koili hupita ndani yake. Ukiitoa, umekata njia. Unganisha waya zake mbili za koili kwa muda na injini itawaka. Na ukifikiria kuweka moto wa elektroniki badala ya pointi, kumbuka geji hiyo hiyo: moduli ikichukua umeme wake baada ya geji, sindano itaruka hovyo. Ipe moduli chanya yake kutoka swichi ya funguo, na koili iachie njia ya zamani.

Shikamooni. Natoa mikono ya chini ya nyuma nibadilishe bushi. Pini ndefu inayopita chini ya shoki imekataa kabisa. Nimeipiga kwa nyundo ya kilo mbili hadi nyuzi zimebonyea. — Msomaji, Arusha

Marahaba, na pole. Hiyo pini ndiyo inayowafanya watu wachukie gari wanalolipenda. Acha nyundo sasa hivi. Ncha ikishabonyea imekuwa nene kuliko tundu, na kila pigo linaikwamisha zaidi.

Hakikisha kwanza umetoa kipini kidogo cha kufungia, kilicho katikati ya nyumba ya shoki. Kinakaa kwenye mfuo wa ile pini ndefu, na kikiwepo hata presi ya tani 20 haitaitoa. Kama kipo nje, loweka kwa oili ya kupenya pande zote mbili kwa wiki, kila siku. Kisha usisukume, vuta: ncha nzima ina nyuzi za milimita 12, hatua 1.25. Fungia nati ndefu ya kuunganishia, kwenye nati hiyo fungia fimbo ya nyuzi, vika bomba nene linaloegemea nyumba ya shoki, washa nene, na nati ya kuvutia. Kaza, pasha nyumba moto kwa mtungi wa gesi, ngoja, kaza. Ikishindikana, kata bushi kwa msumeno wa chuma pande zote mbili kati ya mkono na nyumba, mkono uanguke, upeleke shoki lote na pini kwenye presi. Pini mpya utahitaji vyovyote vile.

Unaporudisha, paka pini grisi ya kopa, linganisha mfuo na tundu la kipini, na usikaze nati za mwisho gari likiwa juu ya jeki. Lishushe likae kwa magurudumu, litikise, ndipo ukaze. Bushi zikikazwa zikiwa zinaning'inia, mpira unabaki umejipinda muda wote na utachanika mapema.

Nikiendesha madirisha wazi, kichwa kinaniuma kwa moshi. Ekzosi haina tundu. — Msomaji, Kampala

Mgongo wa gari hili unateremka, na nyuma yake hewa hujizungusha na kuvuta moshi wa ekzosi kurudi. Unaingilia kwenye mpira wa mlango wa nyuma, kwenye gasketi za taa za nyuma, na kwenye vizibo vya mpira vya sakafuni. Badilisha vyote. Ukitaka ushahidi, mwambie mtu aketi ndani usiku ukimulika taa za nyuma kwa tochi kutoka nje: panapopita mwanga panapita moshi. Kaboni monoksaidi iliyo ndani ya moshi huo ni sumu, kwa hiyo usiahirishe hili.

Naweza kuagiza 240Z kutoka Japani nikaisajili Kenya? — Msomaji, Nakuru

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari la kawaida lililozidi miaka minane, na hii imezidi hamsini. Tafuta ambayo iko nchini tayari na ina logbuku. Kabla ya kulipa, linganisha namba mbili. Ya chesisi imepigwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, na ya usukani wa kulia huanza na HS30. HLS30 ni ya usukani wa kushoto. Ya injini iko kwenye bloku upande wa kulia, nyuma, chini tu ya kichwa, na inatakiwa ianze na L24. Ukikuta L28, mtu alibadilisha injini. Si vibaya, hata nguvu imeongezeka, ila logbuku ya NTSA (mamlaka ya usafiri ya Kenya) iseme hivyo hivyo kabla jina halijahamishwa, na anayepaswa kwenda kuirekebisha ni muuzaji, hela zako zikiwa bado mfukoni mwako.